Kuizoesha plasma si kuiacha ikeshe kwenye chaneli moja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika katika ukurasa huu wiki iliyopita kuhusu televisheni yake ya plasma. Alieleza kwamba aliipata ikiwa bado ndani ya boksi, haijawahi kuwashwa, na fundi aliyekuja kuitundika ukutani akamshauri aiache ikiwaka siku nne mfululizo, usiku na mchana, ili izoee. Akafanya hivyo, kwenye chaneli ya habari. Siku ya tano alipobadilisha chaneli, nembo ya kituo kile ilikuwa ingalipo kwenye pembe ya kioo, na chini kabisa ulionekana mstari mahali ambapo mkanda wa maandishi ulikuwa ukipita, naye akahitimisha kwamba ameuziwa kitu kibovu. Mimi nadhani alichouziwa ni kizima. Kibovu ni ushauri aliopewa.

Fundi hakukosea hesabu. Siku nne, usiku na mchana, ni saa 96, na waliozijua televisheni hizi walikuwa wakizitaja saa 100 za kwanza, wengine 200, kuwa ndizo zinazohitaji uangalifu zaidi. Kosa lake ni kudhani kwamba kuzoesha ni suala la kuhesabu saa tu, kumbe kinachopita kwenye kioo katika saa hizo ndicho chenye uzito. Saa 96 za nembo ileile, mahali palepale, kwa mwanga uleule, ndizo hasa ambazo kioo kipya kilipaswa kuepushwa nazo.

Sababu yake haina fumbo. Kioo cha plasma kimegawanywa katika vijumba vidogo sana vilivyojaa gesi, hasa neoni na zenoni. Umeme ukipita, gesi hutoa mwanga wa urujuanimno usioonekana kwa macho, na mwanga huo unapoupiga unga uliopakwa ndani ya kijumba, unga ndio unaong'aa, ama mwekundu, ama wa kijani, ama wa buluu. Katika televisheni yenye nukta 1920 kwa 1080, kila nukta ikiwa na vijumba vitatu, kimoja kwa kila rangi, vijumba hivyo ni zaidi ya milioni 6, na kila kimoja ni taa inayojitegemea. Unga huo huchakaa kadiri unavyowaka, wa buluu ukiwahi kuliko wenzake, na huchakaa kwa kasi zaidi ukiwa mpya kabla ya kutulia na kufifia polepole kwa miaka. Kioo kizima kikififia pamoja hakuna anayegundua. Balaa huanza pale sehemu moja inapotangulia nyingine.

Hili halikuwako tangu mwanzo. Kioo cha plasma kilibuniwa mwaka 1964 katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, na Donald Bitzer, Gene Slottow na Robert Willson, kwa ajili ya mfumo wa kufundishia kwa kompyuta ulioitwa PLATO, na vioo vya mwanzo vilivyoingia kazini vilikuwa na rangi moja tu ya machungwa, iliyotoka kwenye neoni yenyewe. Watu walipotaka rangi zote ndipo unga ulipohitajika, na uchakavu wake ukaja nao.

Mimi mwenyewe nilijifunza kwa hasara. Katika plasma yangu ya kwanza nilipenda kutazama vipindi vya zamani vilivyorekodiwa kwa umbo la 4 kwa 3, lile la televisheni za zamani lisilofika kingo za kioo kipana, na kwa kuwa sipendi kuona nyuso za watu zimevutwa zikawa pana kama sinia, niliviacha na mihimili miwili myeusi kulia na kushoto. Niliona sina cha kuogopa, maana nyeusi ni giza, na giza haliunguzi. Baada ya mwaka na kitu nikaweka picha nyeupe tupu iliyojaza kioo kizima. Katikati palikuwa na rangi ya karatasi iliyokaa juani, na pembeni, pale ilipokuwa mihimili, pakawa peupe pe, na mpaka kati ya sehemu hizo umenyooka kama uliopigwa kwa rula. Sehemu zilizopumzika ndizo zilizobaki na mwanga wake. Iliyofanya kazi ndiyo iliyozeeka, buluu yake ikiwa imetangulia kupungua na kuacha umanjano. Tangu siku hiyo naliona neno "kuungua", ambalo sote tunalitumia, kuwa linapotosha kidogo, kwa sababu hakuna kilichoungua. Kuna kilichochakaa zaidi ya jirani yake.

Ndiyo maana kuzoesha, kwa maoni yangu, hakuhitaji ufundi mkubwa. Kunahitaji kioo kizima kifanye kazi sawasawa na kwa mwanga wa wastani mpaka unga upite kipindi chake cha pupa. Anayetazama saa tano kwa siku atamaliza saa 100 katika siku 20, bila kumkesheza mtu wala kuongeza gharama ya umeme, na plasma, tusifichane, inaupenda umeme. Jambo la kwanza kabisa ni kuingia kwenye menyu na kuiondoa televisheni katika hali ya picha kali ambayo nyingi huwa nayo, ile iliyokusudiwa kuvuta macho ya mteja chini ya taa za dukani, kisha kuchagua hali ya sinema au ya kawaida na kushusha kontrasti hadi nusu hivi au chini yake. Aliyeniuzia mimi aliiwasha kwa mwanga wa juu kabisa, akanionyesha samaki wa rangi wakiogelea, akaifunga kwenye boksi vilevile ilivyo. Hakunitajia menyu hata kwa bahati mbaya, nami sikujua kuuliza.

Baada ya hapo picha ijaze kioo. Vipindi vya 4 kwa 3 vipanuliwe kwa muda, hata kama nyuso zitanenepa kidogo, na filamu zenye mihimili juu na chini zisiwe ndizo za kila usiku. Kama televisheni ina uwezo wa kubadilisha mihimili myeusi kuwa ya kijivu, kijivu ni afadhali, kwa sababu nacho kinaitumikisha ile sehemu. Anayecheza michezo ya video akumbuke kwamba ramani ndogo na namba za alama hukaa mahali pamoja tangu mwanzo hadi mwisho wa mchezo, na anayesimamisha filamu ili apokee simu asiisahau hapo saa nzima. Televisheni nyingi zina kipengele kinachoisogeza picha yote kwa nukta chache kila baada ya muda. Mtazamaji haoni lolote, na kiachwe kikifanya kazi.

Nembo zinafahamika kwa ubaya wake, lakini mkanda wa maandishi huwadanganya wengi, na nadhani ndio uliomdanganya fundi wetu. Maandishi yanatembea, hivyo mtu huona kwamba hakuna kilichosimama. Lakini ule ukanda wa rangi yanamopita hautembei. Kingo zake zimetulia mahali pamoja siku nzima, na mara nyingi rangi yake ni ya kung'aa kuliko picha iliyo juu yake. Ni vivyo hivyo kwa kisanduku cha matokeo kwenye mpira: wachezaji ishirini na wawili wanakimbia uwanja mzima, kisanduku kimekaa pembeni dakika tisini.

Kuna wanaopendekeza mzunguko wa picha za rangi tupu, nyekundu, kijani, buluu, nyeupe na kijivu, zikibadilishana kwa saa nyingi. Hazina ubaya, na anayetaka kupimiwa rangi na mtaalamu ana sababu ya kuzitumia kwanza, kwa kuwa zinachakaza kioo chote kwa usawa. Kwa mtu wa kawaida vipindi mchanganyiko vinatosha, tena vinatazamika.

Sasa nirudi kwa mwenzetu. Kabla hajakata tamaa, atofautishe kivuli cha kupita na alama ya kudumu. Kioo cha plasma, hasa kikiwa kipya, ni chepesi kushika kivuli cha picha iliyokaa sana, na kivuli hicho huondoka chenyewe picha zinazobadilika zikipita juu yake kwa muda. Atazame vipindi vya kila aina, vilivyojaa kioo, akiepuka kabisa chaneli ile ya habari, na kama menyu yake ina ule mhimili mweupe unaotembea kioo kizima ili kufuta vivuli, autumie kwa kiasi. Nasema kwa kiasi kwa sababu wengi huuchukulia kama dawa. Kama unga umekwisha kuchakaa, mhimili ule haurudishi mwanga uliopotea. Unachosaidia ni kuzichosha sehemu nyingine zikaribiane na iliyotangulia. Pia asitegemee sana cheti cha dhamana, maana dhamana nyingi ziliitenga alama ya namna hii kwa hoja kwamba imetokana na matumizi.

Kupata nyingine ya kubadilisha nako si rahisi. Panasonic ilisitisha utengenezaji wa vioo vya plasma mwishoni mwa 2013, na Samsung na LG zikafuata mwaka 2014, kwa hiyo zilizobaki ni zilizowahi kutumika au chache kama hiyo yake zilizosahaulika ndani ya maboksi. Anayenunua iliyotumika aombe kuonyeshwa picha ya kijivu tupu kabla ya kutoa fedha. Hiyo haifichi kitu. Na aliyekimbilia OLED, aina nyingine ya kioo cha televisheni, asijione amevuka mto, kwa kuwa huko nako kila nukta huwaka yenyewe na huchakaa kwa kadiri inavyowaka.

Kwa ruhusa yako, Ndugu Mhariri, ningependa mwenzetu huyo aweke picha ya kijivu baada ya wiki mbili za utazamaji mchanganyiko, kisha atuandikie tena alichokiona. Nashuku nembo itakuwa imekwenda. Ule mstari wa chini ndio unaonitia wasiwasi.

Wako,
Msomaji wa siku nyingi