Barua ya wazi kwa mpwa wangu wa Maseno, kabla hajamwandika jenerali

Mpwa wangu,

Mama yako ananiambia unataka kuandika maisha ya yule jenerali mstaafu wa kwetu, na kwamba huko Kondele tayari unajigamba wewe na mzee ni chanda na pete. Hapo kwenye chanda na pete ndipo nimeingiwa na wasiwasi.

Msome Stephen Ambrose, profesa wa historia wa Marekani aliyeandika maisha ya Jenerali Eisenhower, aliyekuja kuwa rais wao, kwa vitabu viwili, 1983 na 1984. Alianza na Halleck, jenerali wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe ambaye hata kwao wengi hawamjui. Ambrose alipenda kusimulia kwamba Eisenhower alikisoma kitabu hicho, akamtafuta mwenyewe, akamtaka amwandike. Tena walikaa pamoja mamia ya masaa, ati.

Ambrose alifariki 2002. Baadaye watunza nyaraka wa maktaba ya Eisenhower kule Abilene, Kansas, wakapekua ratiba za Eisenhower. Wanajeshi hao! Kila mgeni ameandikwa, na muda aliokaa. Ambrose alionekana mara 3, jumla haifiki masaa 5, na hawakuwahi kubaki wawili tu. Baadhi ya siku alizosema walihojiana, jenerali alikuwa mji mwingine kabisa. Ikapatikana na barua ya 1964: Ambrose ndiye aliyebisha hodi kwanza.

Na uongo huo hakuuhitaji! Alikuwa mmoja wa wahariri wa nyaraka za jenerali; barua na amri za vita zilipita mikononi mwake. Nani angemdharau kwa hilo?

Sasa wewe. Mzee wetu anapenda hadithi na chai yake haikauki. Mrekodi kwa simu, lakini kabla hajaanza taja kwa sauti tarehe, mahali, na nani mwingine ameketi hapo. Mama mwenye nyumba akipaza sauti kutoka jikoni, "Wewe, mwaka huo tulikuwa Gilgil!", usizime simu. Huyo ana thamani kuliko medali zote ukutani. Kisha mtafute dereva wake wa zamani, umhoji mzee akiwa mbali. Mkikaa masaa manne, andika manne.

Desemba niko Kisumu. Niletee hizo rekodi kwanza. Sura zako nitazisoma baadaye.

Mjomba wako