Kifaranga sasa ni Ukingo, na tafadhali lifute faili la zamani

Ujumbe wenyewe uliingia saa nne usiku, nikiwa nahesabu vitanzi vya shingo ya sweta niliyokuwa nafuma. "Dada, mmenila. Nimenunua Ukingo kwa hamu, nafungua nakuta ni Kifaranga niliyoinunua kwenu siku nyingi. Yaani mmegeuza jina ili tuwalipe mara mbili?" Hesabu ikanipotea, nikaanza upya, ikapotea tena. Huyu si wa kwanza kulalamika hivyo. Ni wa sita tangu tubadilishe jina la biashara yetu ya paterni, yaani maelekezo ya kufuma nguo, na kwa kuwa nimechoka kumjibu kila mtu pembeni, nimeona niandike mara moja kwa wote.

Nikiri kwanza kwamba nusu ya lawama ile ni halali. Ukingo ni Kifaranga, paterni ileile ya sweta kwa jina jipya. Pesa yake nilimrudishia usiku uleule, na kesho yake nikaongeza chini ya kila jina jipya mstari unaosema paterni hiyo zamani iliitwaje. Mstari huo ulipaswa kuwepo tangu siku ya kwanza. Nusu ya pili ndiyo nataka kuibishia, kwa sababu faili alilonunua silo lile alilokuwa nalo, na kama angeanza kufuma kwa lile la zamani, leo tungekuwa na ugomvi mwingine mkubwa zaidi.

Kwa mgeni: sisi hatuuzi uzi. Tunabuni sweta, kofia na shali za kufuma kwa mkono, tunauza paterni zake, na mara mojamoja tunafuma wenyewe kwa oda. Tulianza na nguo za watoto wachanga, ndiyo maana jina la zamani lilikuwa na neno "watoto" ndani yake, na nembo ilikuwa kiatu kidogo cha sufu chenye utepe. Paterni nazo zikapewa majina ya kitoto. Kisha akina mama waliokuwa wakifumia watoto wakataka za kwao, na akina baba wakafuata. Kifaranga ikapanuliwa hadi saizi ya kifua cha sentimita 130. Sasa mwanamume mzima mwenye ndevu zake aulizwe sweta hiyo inaitwaje, ajibu Kifaranga? Wengi walikuwa wanaona jina tu wanapita.

Lakini ndevu peke yake zisingenitoa kwenye jina nililolipenda. Kuna muuza nyuzi ambaye jina lake lilikaribiana mno na letu. Watu wakawa wananiandikia mimi kwamba uzi umechuja rangi, uzi umekuja pungufu, uzi haujafika, na mimi sijawahi kuuza hata donge moja. Kwenye uainishaji wa Nice, unaotumika kusajili alama za biashara na wenye madaraja 45, nyuzi ziko daraja la 23, nguo la 25, paterni zilizochapwa kwenye karatasi la 16, na mafaili ya kupakua la 9. Kwa hiyo kwa makaratasi mimi na yeye tuko vyumba tofauti. Kwa mteja anayetafuta kwenye simu huku ameshika sindano mkono wa pili, sisi sote ni "wale wa kufuma". Yeye alitangulia kusajili. Ningeweza kubishana, ila niliona pesa ya wakili ni heri iende kwa mhakiki wa paterni.

Sasa kosa langu. Nilidhani kubadilisha jina ni kubadilisha jina. Nikabandika nembo mpya kwenye majalada, nikafuta jina la zamani juu, nikapakia. Kazi ya jioni mbili. Ndani, chini ya kila ukurasa, bado palikuwa na anwani ya tovuti tuliyoifunga, na kiungo cha video ya kuanzisha vitanzi kikawa hakiendi popote. Fikiria umelipia paterni yenye jina geni, unabonyeza, unaambiwa ukurasa haupo. Mimi mwenyewe ningesema nimetapeliwa. Nikaziondoa zote sokoni, 31, nikaamua kila moja ipitiwe kuanzia jalada hadi mstari wa kufunga. Jioni mbili zikawa miezi saba.

Na ulipofungua mlango wa stoo, ukakutana na uchafu wako mwenyewe. Chati zetu za rangi, kwa mfano, ile michoro ya viboksi inayoonyesha kitanzi gani kiwe cha rangi gani. Zamani niliweka waridi na chungwa kwa sababu zilipendeza kwenye skrini. Mteja anachapa kwa mashine ya wino mweusi, rangi zote mbili zinatoka kijivu kilekile, anafuma maua ambayo hayaonekani. Sasa kila kiboksi kina alama pamoja na rangi. Na tukajizuia kuleta mbwembwe kwenye tovuti pia. Wanaofuma wanakumbuka Ravelry, mtandao wa wafumaji ambako paterni pia zinauzwa, ilipobadilisha mwonekano wake mwezi Juni 2020: wapo watumiaji waliolalamika kuumwa kichwa na macho, na mwonekano wa zamani ukabaki kwa muda kama chaguo. Ule ulikuwa mtandao unaopendwa, wenye watu tangu 2007. Sisi wadogo tungeachwa tu kimyakimya.

Tatizo lililonitia aibu zaidi ni sindano. Mafaili ya zamani yanasema "sindano namba 8", basi. Namba 8 ya nani? Kwa namba za zamani za Uingereza ni milimita 4. Kwa namba za Marekani ni milimita 5. Kwa Wajapani ni 4.5. Mimi niliandika nikimaanisha 4, kwa sababu ndizo nilizorithi kwa shangazi aliyenifundisha, na sikuwahi kuwaza kwamba mtu anaweza kuwa na nyingine. Faili jipya linataja milimita tu.

Mama mmoja, mteja wetu wa tangu mwanzo, alikuwa na Kifaranga aliyoichapa kwenye karatasi. Tulipotangaza kwamba wote walionunua zamani watapewa faili jipya bure, akaona ya nini kusumbuka, karatasi ninayo. Akachukua sindano za milimita 5. Paterni ile inataka vitanzi 22 ndani ya sentimita 10, na saizi ya mumewe ina vitanzi 220 kuzunguka kifua, yaani sentimita 100. Yeye akapata 18 kwa sentimita 10. Gawanya mwenyewe: vitanzi vilevile 220 vikatoa sentimita 122. Kwa kuwa kitanzi kikubwa kinakula uzi zaidi, akaishiwa katikati ya mkono wa pili. Akaongeza madonge mawili ya rangi ileile, ila ya loti nyingine ya kutia rangi, na mkono ukawa na mstari kama ukingo wa maji bafuni. Alinitumia picha. Mumewe amesimama kama amevaa hema, anajitahidi kutabasamu.

Alisema paterni yetu ni mbovu. Nilimwambia ukweli: karatasi ile ilikuwa na kosa langu, na faili lenye marekebisho lilikuwa linamsubiri bila malipo. Halafu nikamuuliza kama alifuma kipande cha kupimia kabla. Kimya. Jamani, kipande cha kupimia. Sentimita 15 kwa 15, kifuliwe kama utakavyoifua sweta, kilazwe kikauke, ndipo uhesabu vitanzi vya sentimita 10 za katikati, si vya pembeni. Kingemwambia habari yote ya 18 dhidi ya 22 ndani ya jioni moja. Najua mnaniona msumbufu na kipande hiki. Lakini kati ya sweta zote nilizoletewa zikiwa kubwa au ndogo kuliko mwenyewe, sikumbuki hata moja iliyotanguliwa na kipande kilichofuliwa.

Njia ya mkato nyingine ni faili la kuombana. Shali na sweta zetu zinazunguka kwenye makundi ya WhatsApp, najua, na sitajifanya kwamba hainiumi mfukoni. Ila hebu tuache mfuko wangu, tutazame wa anayeomba. Faili linalozunguka siku zote ni la zamani, maana aliyelituma alilinunua zamani. Tulikuwa na sweta yenye duara la maua mabegani. Kila ua linachukua vitanzi 8. Faili la kwanza, saizi ya nne, lilisema ukifika hapo uwe na vitanzi 228. Chukua kikokotoo: 228 kwa 8 ni 28 na nusu. Nusu ua! Ilipaswa kuwa 224. Tulisahihisha, na waliolinunua wakapelekewa. Aliyepewa na rafiki hakupelekewa, kwa sababu hatumjui. Akafuma duara zima kwa uzi wa moheri, ule wa manyoya marefu ya mbuzi, akafika mwisho ua limekatika mgongoni, akajaribu kufumua. Aliyewahi kufumua moheri anajua: nyuzinyuzi zake zinashikana kama kope zenye gundi, unavuta unakata. Uzi ule ukaenda kwenye mto wa kiti. Gharama yake naijua kwa sababu aliniandikia kunidai mimi.

Ndipo tunafika kwenye bei, maana najua ndilo swali lililobaki. Ndiyo, paterni mpya zinauzwa ghali kuliko zilivyokuwa chini ya jina la zamani. Nimesikia maneno: "jina tu, bei juu." Zamani nilikuwa nabuni, nafuma moja, napiga hesabu za saizi nyingine kichwani, naandika. Makosa kama ya 228 yalitoka hapo. Sasa kila paterni inapita kwa mhakiki anayekagua hesabu za saizi zote nane bila kufuma hata kitanzi, kisha kwa wafumaji wa majaribio, angalau mmoja kwa kila saizi, na sweta moja ya mtu mzima inamchukua mfumaji wiki kadhaa. Hao nao wanalipwa, na uzi wao nagharimia mimi. Mtu akiniambia nishushe bei, huwa namuuliza nimtoe nani kati yao. Nembo na jina jipya viligharimu kiasi ambacho ukikigawa kwa paterni zote hakifiki hata bei ya donge moja la uzi. Aliyenichorea nembo alitaka kuweka mistari myembamba ya kuvutia, nikamkatalia: lebo ya kufumwa inachukua mistari minene tu, ile myembamba inageuka nundu za nyuzi.

Kwenye lebo nako nilijikwaa. Nilikuwa na mfuko mzima wa lebo za zamani, na ubahili wangu ukaniambia zitumike ziishe. Mteja aliagiza sweta iliyofumwa tayari kutoka kwa jina jipya, ikamfikia na lebo ya kiatu cha mtoto shingoni. Akaandika kwa upole kabisa kuuliza kama nimemuuzia sweta ya mtu mwingine. Nilimlipia nauli ya kuirudisha, nikafumua lebo, nikashona mpya, pamoja na ile ndogo ya alama za ufuaji ambayo zamani hatukuwa nayo kabisa. Lebo zilizobaki anachezea mwanangu, kavalisha wanasesere wote.

Kwa hiyo kama una paterni yetu yoyote yenye kile kiatu juu yake, fanya hivi. Ukiwa ulinunua Ravelry, ingia kwenye maktaba yako ya huko. Toleo jipya limekwishapelekwa, linakungoja. Ukiwa ulinunua kwetu moja kwa moja, tuma risiti. Huna risiti, tuma barua pepe uliyotumia kulipia. Huikumbuki, piga picha ya karatasi yako tutaangalia tarehe iliyo chini. Daftari langu la mauzo la kabla ya tovuti bado ninalo, na namba za paterni hazikubadilika hata jina lilipobadilika. Kwa hiyo kabla ya kununua, linganisha namba: Kifaranga ilikuwa 07, na Ukingo ni 07. Ukikuta umelipa mara mbili, sema, utarudishiwa bila maswali.

Na kama uko katikati ya kufuma kwa faili la zamani, usifumue kwa hasira. Simama hapo ulipo, hesabu vitanzi vilivyo kwenye sindano, uniandikie saizi na idadi hiyo. Mara nyingi kosa linaponyeka kwa kupunguza vitanzi vinne kwenye mstari mmoja mahali pasipoonekana, na nitakuambia ni wapi. Najibu ndani ya siku mbili. Usiku wa kuhesabu shingo simu naiweka chumba kingine.