Idadi ya spishi pekee haitoshi kuchagua hifadhi

Mhariri,

Maeneo ya kuhifadhi mimea bado huchaguliwa mno kwa kuhesabu spishi. Hesabu hiyo haioni ukoo. Amborella, mmea wa visiwa vya New Caledonia katika Pasifiki, ni spishi moja tu, lakini ndiyo pekee iliyobaki katika tawi lililoachana na mimea mingine yote ya maua zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita. Ikitoweka, haina ndugu wa karibu.

Mwaka 1992 mwanabiolojia Daniel Faith alipendekeza tujumlishe urefu wa matawi ya mti wa ukoo, yaani mchoro unaoonyesha jinsi spishi zilivyoachana. Gawa ramani kwa miraba, jumlisha matawi ya spishi za kila mraba, anza na wenye jumla kubwa. Mraba wa pili uwe ule unaoongeza matawi mapya mengi, si wenye jumla inayofuata. Hapa wengi huteleza na kulinda matawi yaleyale mara mbili. Huko Cape, Afrika Kusini, magharibi kumejaa spishi, ila nyingi ni za koo zilizochipuka karibuni, kwa hiyo matawi yake ni mafupi.

Kwanza safisha data ya mahali mimea ilipochumwa. Sampuli nyingi huchumwa kando ya barabara, na vipimo vya latitudo vikikosewa mmea wa nchi kavu huonekana baharini kwenye ramani. Mraba ukiwa mdogo mno, pasipofikiwa na wachumaji huonekana jangwa.