Rehema, jibu la yule bibi hili hapa

Rehema shoga yangu,

Salaam nyingi, habari za huko na hiyo baridi, sisi wote wazima, Mama Sele anakusalimia na anasema ile namba mpya uliyompa haipatikani kabisa. Nisamehe kwa kimya. Voisi yako niliisikiliza siku ileile uliyoituma ila nilitaka nikujibu vizuri, siyo nikurushie kidole gumba yaishe, sasa wiki tatu zimekatika na nikisema ningoje nitulie itakuwa mwakani.

Jana usiku nimeisikiliza tena. Unanong'ona, nyuma yako maji ya bomba yanachuruzika na watu wanacheka kwa mbali, unasema umejifungia bafuni kwa wenyeji wako siku ya Thanksgiving, ile sikukuu ya Wamarekani ya kushukuru mavuno, maana bibi yao kakuuliza mezani mbele ya watu wote, "na kwenu mnashukuru mavuno lini?", ukasema hatuna siku hiyo, akauliza kwa nini, meza nzima kimya wanakusubiri. Alafu ukasema, "Asha, nimejiona kama nimetoka kwa watu wasiojua kusema asante." Aisee. Hilo neno limenikaa rohoni wiki zote hizi tatu. Kwa hiyo nimesoma, nimesoma haswa, na nakwambia wala haihusiani na nani anajua kushukuru na nani hajui.

Tuanze na hao hao wenyeji wako. Watakusimulia ya 1621 kule Plymouth, Waingereza waliohamia kama 50 na Wawampanoag, wenyeji wa asili wa pale, kama 90 wakala pamoja siku tatu baada ya kuvuna. Ni kweli ilitokea. Ila haikuwa sikukuu ya taifa kwa zaidi ya miaka 240 iliyofuata! Rais Washington alitangaza siku ya shukrani mwaka 1789, Jefferson alipokuwa rais akakataa kabisa kutangaza, aliona serikali haina kazi ya kuwapangia watu siku ya kuomba. Majimbo yaliyotaka yakawa yanajipangia yenyewe, hili siku hii, lile siku ile, mengine hayana kabisa.

Aliyekuja kuibadilisha hiyo hali ni mama mmoja, Sarah Josepha Hale. Huyu mama nimempenda Rehema. Mume wake alifariki 1822 akamwachia watoto watano, akavaa nguo nyeusi maisha yake yote yaliyobaki, akawa mhariri wa jarida la wanawake na kuanzia 1846 akaanza kuipigania hiyo siku, anaandika kwenye jarida, anawaandikia magavana, anawaandikia marais, rais akitoka anamwandikia anayeingia. Miaka 17 hivo hivo. Tarehe 28 Septemba 1863 akamwandikia Rais Lincoln, ana miaka 74, nchi iko katikati ya vita ya wenyewe kwa wenyewe, watu wamekufa kwenye mapigano ya Gettysburg miezi michache tu nyuma. Tarehe 3 Oktoba tangazo likatoka. Siku tano! Yani huyo bibi aliyekuuliza swali amekaa kwenye meza ambayo iliandaliwa na mjane mwenye kalamu, na nina hakika wengi mezani pale hawalijui jina lake.

Na hata baada ya hapo tarehe haikutulia. Mwaka 1939 Rais Roosevelt akaiwahisha kwa wiki moja ili watu wapate siku nyingi zaidi za manunuzi kabla ya Krismasi, majimbo mengine yakagoma, ikawa nchi moja ina Thanksgiving mbili, mpaka 1941 bunge likapitisha sheria ya Alhamisi ya nne ya Novemba. Sasa niambie, mavuno yana habari gani na Alhamisi ya nne?

Alafu angalia Uingereza walikotoka hao wa Plymouth. Wanashukuru mavuno makanisani, ibada wanayoijua leo ilianzia kwa padri mmoja anaitwa Robert Hawker kijiji cha Morwenstow mwaka 1843, kanisa linapambwa kwa mazao, nyimbo zinaimbwa, ila haijawahi kuwa sikukuu ya serikali, kesho yake watu wanaenda kazini kama kawaida. Ujerumani nao wana yao, kwa kawaida Jumapili ya kwanza ya Oktoba, iko mikononi mwa kanisa. Je na wao hawajui kusema asante? Kanada ni sikukuu kabisa ila wanaifanya Oktoba, Jumatatu ya pili, tangu 1957 imekaa hapo, maana kule baridi inawahi na mazao yanatoka shambani mapema kuliko Marekani. Liberia wanayo Novemba kwa sababu Wamarekani weusi waliohamia kule waliibeba. Hata kisiwa cha Norfolk huko baharini karibu na Australia wanayo, ilifika na Wamarekani wa meli za kuvua nyangumi. Hii siku inasafiri na watu Rehema, kama jina la ukoo. Na pengine inafika haishiki, Brazil waliiweka kwenye sheria mwaka 1949 lakini watu wengi siku hiyo wako kazini.

Sasa sikiliza hapa ndo penye jibu lako. Kule kwenye baridi kali mavuno makubwa yanakuja msimu mmoja, baada yake ni barafu, kwa hiyo nchi nzima inapumua pamoja na tarehe inajileta yenyewe. Sehemu zenye mvua mara mbili, au nchi ambayo huku wanavuna na kule ndo kwanza wanapanda, utachagua siku gani? India wana sherehe za mavuno tena kubwa, Tamil Nadu wana Pongal mwezi Januari, Punjab wana Baisakhi mwezi Aprili, Kerala wana Onam mwezi Agosti au Septemba, kila jimbo linafunga kazi siku yake. Ukisema India hawana siku moja ya taifa ya kushukuru mavuno ni kweli, ukisema hawashukuru utakuwa umewakosea watu zaidi ya bilioni.

Na Ghana! Waga, kabila la huko Accra, wana sherehe ya Homowo, na maana yake ni kuizomea njaa. Kabla ya sherehe kunapigwa marufuku ngoma na kelele karibu mwezi mzima, mji wenye makelele kama ule unanyamaza, mazao yapate utulivu wa kukua, alafu siku ikifika watu wanaizomea njaa kwa sababu babu zao iliwahi kuwatesa na wakaishinda. Nilipofika hapo nililia kidogo, sijui kwa nini. Ila siyo sikukuu ya Ghana nzima, kwa sababu wengine wana sherehe zao za viazi vikuu kwa miezi yao. Eswatini taifa zima liko chini ya mfalme mmoja, mfalme anaonja mazao mapya kwanza kwenye sherehe ya Incwala, na hiyo ni sikukuu ya serikali.

Kuna na mambo ya kalenda, hili kaka Idi ndo kanikumbusha. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku kama 11 kuliko wa jua, ndo maana Idi inazunguka majira yote, huwezi kuifunga kwenye mavuno hata ukitaka. Wayahudi nao wanafuata mwezi lakini wanaongeza mwezi mmoja mara 7 kila miaka 19, kwa hiyo sikukuu yao ya vibanda, Sukkot, haibanduki kwenye msimu wa kuvuna. Mahesabu tu hayo jamani, roho za watu hazimo.

Japani je? Tangu zamani kaizari anatoa sadaka ya mchele mpya na kuuonja, na tangu 1873 ni tarehe 23 Novemba. Baada ya vita kuu ya pili, dini ikatenganishwa na serikali, mwaka 1948 siku ileile ikaitwa siku ya kushukuru kazi. Watoto wa siku hizi wanaweza kuila hiyo sikukuu bila kukumbuka mchele kabisa.

Kwa hiyo narudi kwenye bafu lako. Hukuwa na cha kuonea aibu. Hata hiyo siku yao ina watu inaowaumiza, tangu 1970 wenyeji wa asili wanakusanyika hapo hapo Plymouth kila Thanksgiving kuomboleza. Hilo siyo la kumtupia bibi wa watu mezani, ila we ulijue.

Ukitoka bafuni ulimjibu nini? Aliuliza kwa ubaya au alitaka kujua tu, maana sauti yako ilikuwa imekasirika sikuweza kutofautisha? Wamekualika tena Krismasi? Ukienda, unaweza kumwambia habari za Sarah Hale, taratibu tu, alafu umuulize familia yao ilianza lini kuifanya, ni wao tangu mwanzo au waliikuta walipohamia? Nataka sana kujua. Na ile Homowo nayo mwambie, uone uso wake. Na namba ya Mama Sele unatuma lini? Umepata koti zito?

Wako,
Asha