Mwalimu mshauri aanze kazi kabla ya Novemba

Kwa Mhariri,

Matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, yakitoka mwezi wa Januari, Amu nzima, mji wetu wa Lamu, huuliza nani kapata nini. Baada ya wiki mbili gumzo huisha, na hapo ndipo kazi yenyewe ya kuingia chuo inapoanza, bila mtu wa kuisimamia. Mtahiniwa keshafunga sanduku lake, karudi Faza, Kizingitini au Kiwayu, na shule inamhesabu kuwa si wake tena. Ikifika Agosti, mzazi anashangaa mbona mtoto mwenye C+ hakuitwa popote, au kaitwa kusomea jambo asilolitaka. Sisi tunaofanya kazi ya ushauri nasaha tunajua kuwa aghalabu si alama zilizomwangusha. Ni makaratasi na uchaguzi, na yote mawili yangetengenezwa akiwa bado shuleni.

Kwanza majina na nambari. Akaunti ya KUCCPS, idara ya serikali inayowapangia wanafunzi vyuo, hufunguliwa kwa nambari ya mtihani wa KCSE yenye tarakimu 11, mwaka wa mtihani, na nenosiri la kwanza ambalo ni nambari ya cheti cha kuzaliwa au ya KCPE, mtihani aliofanya wa kumaliza msingi, kulingana na ile iliyotumika kumsajili. Tarakimu moja ikikosewa wakati wa usajili, mlango haufunguki. Basi usajili wa KNEC, baraza la mitihani, unapofanywa mwanzoni mwa mwaka, mwalimu mshauri aketi na kila mtahiniwa, cheti cha kuzaliwa kikiwa mezani, wasome herufi kwa herufi. Visiwani kwetu jina moja huandikwa namna tatu: Athman, Athumani, Uthman. Likiwa hivi kwenye cheti cha kuzaliwa, vile kwenye KCSE, na vingine kwenye kitambulisho, mwanafunzi atakwama pale anapoomba mkopo. Kabla ya usajili kufungwa, kalamu inatosha kulirekebisha. Cheti cha KCSE kikishachapishwa, ni maombi, ada na kungoja.

Faili ya kila mtahiniwa wa kidato cha nne iwe tayari kufikia Oktoba. Ndani yake ziwe nakala za cheti cha kuzaliwa na vitambulisho vya wazazi, cheti cha kifo ikiwa ni yatima, barua za basari au mfadhili, na picha ya pasipoti. Aliyetimiza miaka 18 apelekwe kuomba kitambulisho wakati huo huo, si baada ya matokeo. Na kila mmoja afungue barua pepe yake kwa mkono wake, nenosiri aliandike mahali atakapoliona tena. Hili la barua pepe watu hulidharau, nalo ndilo linaloumiza zaidi. Mwenye saiba, duka la intaneti, humfungulia mtoto akaunti kwa barua pepe na simu ya saiba. Baada ya miezi mitatu nenosiri limesahaulika, ujumbe wa kulibadilisha unaenda kwa mtu mwingine, na tarehe ya mwisho inapita.

Uchaguzi wa masomo nao una uzito wake. Wastani wa C+ humruhusu mwanafunzi kuomba digrii, lakini haumpi kozi yoyote. Kila kozi ina masomo yake manne ya klasta, yaani yale yanayotumika kuwapima wanaoiomba, na alama za chini katika masomo maalumu. Ualimu wa sekondari unataka C+ katika masomo mawili atakayofundisha. Uhandisi, katika vyuo vingi, unataka C+ katika hisabati, fizikia na kemia, kwa hivyo aliyeacha fizikia kidato cha tatu kwa kuiogopa kajifungia mlango huo bila kuambiwa. Kozi ya sheria inataka B katika Kiingereza au Kiswahili. Hilo "au" watoto wa Lamu waambiwe wazi, kwa maana wako wengi wenye B ya Kiswahili wanaodhani sheria si yao kwa sababu Kiingereza chao kina C+. Kundi la mwisho la 8-4-4, mfumo wa elimu unaoondoka, litafanya KCSE mwaka 2027. Wanaofuata, wa mtaala mpya, wameshaanza kuchagua mikondo ya sekondari ya juu, na ushauri huu inabidi uwafikie wakiwa gredi ya tisa.

Kisha alama za klasta, ambazo wazazi wengi hawajaelezwa. Tuchukue wanafunzi wawili wenye B- na jumla ya alama 56 kati ya 84 katika masomo saba. Wa kwanza ana alama 40 kati ya 48 katika masomo manne ya kozi anayoitaka. Wa pili ana 30, nguvu zake ziko katika masomo mengine. Kwa hesabu iliyozoeleka, unagawa 40 kwa 48, unazidisha na 56 gawa kwa 84, unatafuta kipeuo cha pili, unazidisha na 48. Wa kwanza anapata kama 35.8, wa pili kama 31. Wastani ni mmoja, ila mmoja atachukuliwa na mwingine ataachwa. Mwalimu aitumie hesabu hii kukadiria tu, kwa sababu alama rasmi ni zile zinazoonyeshwa katika akaunti ya mwanafunzi.

Wanaoomba digrii hujaza nafasi 1a, 1b, 1c, 2, 3 na 4. Kosa tunaloliona kila mwaka ni kuzijaza zote kwa udaktari, ufamasia na uuguzi wa vyuo vya Nairobi. Zote zikimkosa, anasubiri awamu ya marekebisho, ambapo kozi zinazopendwa zimeshajaa. Alama za mwisho za mwaka uliopita zinaonekana kwenye tovuti, lakini si ahadi: hupanda na kushuka kulingana na walioomba. Mwanafunzi aweke 1a pale anapotamani hata kama kapungukiwa kidogo, 1b na 1c pale alama zake zinapolingana na za mwaka jana, na zilizobaki pale anapozidi kwa alama mbili tatu. Mwalimu amuulize swali moja juu ya kila nafasi: ukipewa hii, utaenda? Akisema hapana, iondolewe.

Mwenye C- anaweza kuomba diploma na mwenye D astashahada, kupitia tovuti hiyo hiyo. Shule zinazokusanya wenye C+ peke yao zinawatupa watoto wengi.

Fedha ni ombi jingine kabisa, na kuitwa chuoni hakuleti fedha. Tangu 2023 ruzuku na mkopo huombwa pamoja kwenye tovuti ya HEF, ya serikali ya kugharamia elimu ya juu, na maswali yake hupima uwezo wa familia. Mtoto aliyelipiwa karo na basari, akiandika kiwango cha karo bila kutaja aliyeilipa, huonekana mwenye nacho. Mvuvi asijaze kipato cha mwezi wa kusi wala cha mwezi wa samaki wengi. Ajumlishe mwaka mzima, agawe kwa 12. Anayechagua chuo cha binafsi ajue mapema kwamba ataweza kuomba mkopo lakini hatapata ruzuku.

Juu ya mabinti, mzazi aitwe shuleni kabla ya mtihani. Wengi hawakatai elimu, wanahofia umbali na malazi. Mwalimu akiwa na maelezo ya hosteli za Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi au za Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, mazungumzo hubadilika.

Haya yote hayawezekani ikiwa mwalimu mshauri ana vipindi sawa na wenzake na ofisi yake ni kona ya stoo. Tunawaomba walimu wakuu wa Lamu na serikali ya kaunti mambo matatu. Mwalimu huyu apunguziwe vipindi muhula wa kwanza. Chumba cha kompyuta kifunguliwe kwa waliomaliza, Jumamosi zote maombi yanapokuwa wazi, na saa zibadilishwe ikiwa ni Ramadhani. Na kwa watoto wa Pate na Kiwayu, ambao nauli ya mashua kuja Amu ni mzigo, serikali ya kaunti isafirishe mwalimu, kompyuta mbili na modemu hadi Faza na Kizingitini, angalau mara mbili: mara ya kwanza maombi yanapofunguliwa, na ya pili siku chache kabla ya marekebisho kufungwa.

Mwalimu wa ushauri nasaha,
Amu, Lamu.