Kuokoa nafasi si mwisho wa hesabu

Ndugu Mhariri,

Niliisoma kwa furaha makala yenu kuhusu kuhifadhi data kwa vipande badala ya nakala tatu, hadi pale mwandishi alipodai kwamba njia hiyo haina hasara yoyote. Mimi ndiye ninayepigiwa simu usiku diski ikifa, kwa hiyo naomba nafasi niongeze aliloliacha.

Upande wa nafasi hakukosea. Data ya terabaiti 6 ikiwekwa nakala tatu inakula terabaiti 18. Igawe vipande 6, uvitungie vingine 3 vya ziada kwa hesabu ya Irving Reed na Gustave Solomon ya mwaka 1960, inakula 9 tu. Tena unaweza kupoteza vipande vyovyote 3 na data ikabaki nzima, ilhali nakala tatu zinavumilia kupotea mbili.

Ila diski ya terabaiti 10 ikifa, mwenye nakala anasoma terabaiti 10 kutoka kwenye nakala zilizobaki, basi. Mwenye vipande hana njia hiyo fupi: kila kipande kilichopotea kinadai vingine 6 visomwe kutoka seva sita tofauti. Terabaiti 60 zinasomwa kwa ajili ya diski moja, na watumiaji wanangojea mafaili yao kwenye waya huohuo! Ukipunguza kasi ya ukarabati ili wasilalamike, unazipa diski nyingine muda zaidi wa kufa kabla hujamaliza.

Microsoft waliliona hilo. Mwaka 2012 walieleza jinsi Azure, huduma yao ya kuhifadhi data mtandaoni, inavyogawa vipande 12 katika makundi mawili, kila kundi likiwa na kipande chake cha ziada, kisha viwili vingine vya kulinda vyote. Kikipotea kimoja, vinasomwa 6 badala ya 12. Nao hawakupata bure: vikipotea vinne kwa pamoja, kuna michanganyiko isiyorudishika.

Kuna na suala la mahali vipande vinapokaa, ambalo makala haikuligusa kabisa. Vipande 9 vikipangwa kwenye makabati mawili ya seva, lazima moja libebe angalau vitano. Umeme wa kabati hilo ukikatika, vinabaki vinne ilhali vinahitajika 6, na data haisomeki, hata kama diski zote ni nzima. (Na mtu akifuta faili kwa bahati mbaya, mfumo unafuta vipande vyote tisa kwa utiifu mkubwa. Chelezo, yaani nakala ya akiba iliyowekwa kando, bado inahitajika.)

Sipingi njia hii. Data nyingi ninayoitunza, hasa ile isiyoguswa mara kwa mara, iko hivyo. Naomba tu mwandishi wenu, atakapowahoji tena wauzaji wa mifumo hii, awaulize diski moja iliyojaa hujengwa upya kwa saa ngapi wakati watumiaji wako kazini.

Wenu,
Msimamizi wa seva