Mshumaa wa watoto usigeuzwe mchango

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kwamba ibada ya watoto ya mishumaa wakati wa Krismasi ni mila ya baridi ya Ulaya, na kwamba sisi wa Tabora, ambao Desemba yetu ni mvua na maembe, tuachane nayo. Nafundisha shule ya Jumapili katika ushirika mmoja wa Kanisa la Moravian, la Kiprotestanti, hapa mjini, na jambo hili linanigusa sana.

Ni kweli ilianzia kwenye baridi. Tarehe 20 Desemba 1747, huko Marienborn, Ujerumani, Johannes von Watteville, askofu wa Moravian, aliwakusanya watoto, akawaeleza kuwa Yesu aliyezaliwa amewasha moto ndani ya moyo wa kila mmoja wao. Kisha akampa kila mtoto mshumaa mdogo uliofungwa utepe mwekundu. Basi, hicho ndicho kiini cha ibada. Kumbukumbu za siku ile zinasema watoto walikwenda kulala na furaha tele, mishumaa yao ikiwaka. Mimi hapo naona askofu anayewapa watoto zawadi, na zawadi haina majira. Tena Wamoravian wako Unyamwezi tangu 1898, walipoipokea misheni ya Urambo kutoka London Missionary Society. Tuiite ngeni hadi lini?

Chungwa, ambalo siku hizi mshumaa husimikwa juu yake, lilikuja baadaye. Mwaka 1968 John Pensom, wa shirika la kusaidia watoto la The Children's Society huko Uingereza, aliiingiza ibada hii katika Kanisa la Anglikana, na chungwa lina maana yake: lenyewe ni dunia, utepe unaolizunguka ni damu ya Yesu, mshumaa juu yake ni nuru, na vijiti vinne vyenye matunda makavu na pipi ni mazao ya nchi na majira manne ya mwaka. Ni mafundisho mazuri. (Darasani kwangu majira manne nayaruka, nasema pande nne za dunia, maana hapa tunajua mvua na kiangazi tu.)

Kinachoniuma ni kwamba siku hizi mzazi anaambiwa alete chungwa, utepe, pipi na mshumaa. Desemba iliyopita mtoto mmoja wa darasa langu, ambaye hakosi hata mvua ikinyesha, hakuonekana. Nilipopita kwao, mama yake aliniambia, "Mwalimu, wenzake wote wameshika, yeye akae mikono mitupu?" Sikuwa na la kumjibu. Mshumaa ule wa kwanza askofu aliwapa watoto bure. Sisi tumeufanya kiingilio.

Na sisi ndio wenye nta! Wamoravian wa Bethlehem kule Pennsylvania, Marekani, hutumia mishumaa ya nta ya nyuki iliyozungushiwa karatasi nyekundu: nta ni usafi wa Kristo, wekundu ni damu yake, na karatasi hiyo humkinga mtoto asidondokewe na nta ya moto. Sisi asali ya Sikonge na Urambo tunaila kila siku, halafu Krismasi ikifika tunakimbilia dukani kununua mishumaa ya pakiti.

Nawaomba wachungaji na wazee wa kanisa mwaka huu wanunue nta mapema kwa wafugaji nyuki wetu. Iyeyusheni ndani ya kopo lililokaa kwenye sufuria ya maji ya moto, msiiweke motoni moja kwa moja kwa sababu hushika moto. Ichujeni kwa kitambaa. Utambi ni uzi mnene wa pamba: uchovye, utoe, usubiri ukauke, uchovye tena hadi unenepe kama kidole cha mtoto. Vijana wa kwaya wanaweza kuifanya kazi hiyo Jumamosi moja. Chungwa likipatikana, sawa. Lisipopatikana, mshumaa na utepe vinatosha, na agizo la wazazi kuleta vitu lifutwe kabla Majilio, majuma ya kujiandaa kwa Krismasi, hayajaanza.

Mwalimu wa shule ya Jumapili,
Isevya, Tabora